Vipande Vilivyosalia na Chungu cha Jioni

Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika hii ya 17 ya Mwaka B, ambayo ni sehemu ya mwanzo ya sura ya 6 ya Yohane, imezoeleka mno masikioni mwetu. Tunamkumbuka yule mvulana, mikate yake mitano ya shayiri na samaki wake wawili. Tunawakumbuka wanaume wapatao elfu tano walioketi majanini. Mahubiri mengi huishia hapo, kwenye shibe. Yohane hakuishia hapo. Watu walipokwisha kushiba, Bwana aliwapa wanafunzi wake kazi nyingine: wapite tena katikati ya watu, waviokote vipande vilivyobaki, pasiwe na kitu cha kupotea. Makapu kumi na mawili yakajaa. Leo napenda tuzungumze juu ya makapu hayo. Na kwa kuwa akina mama wengi wanaonisikiliza hivi sasa wanajiuliza jioni watapika nini, tuzungumze pia juu ya chungu cha jioni, kwa maana mambo haya mawili yana undugu wa karibu kuliko tunavyodhani.

Jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba agizo lile lilitolewa na Yeye aliyekuwa na uwezo wa kuwapa mikate mingine. Mtu mwenye shida huokota kwa sababu hana pengine pa kupata. Bwana hakuwa na shida hiyo. Kama angetaka, kesho yake angeomba tena mikate mitano na kulisha tena maelfu. Hata hivyo alihesabu kwamba kipande kilichomegwa na kisichofika mdomoni mwa mtu hakijapoteza heshima yake. Mkate ule ulikuwa wa shayiri, chakula cha watu wa hali ya chini katika nchi ile, kama vile kwetu mtu aseme ugali wa mtama. Wala hatusomi kwamba aliagiza yakusanywe mapande makubwa tu.

Lugha yetu ya Kiswahili ina utajiri katika jambo hili. Chakula cha jioni kilichobaki kikalala hadi asubuhi tunakiita kiporo, na wenzetu wa pwani hukiita pia mwiku. Kile kinachogandamana chini ya sufuria na kupiganiwa na watoto ni ukoko. Na kile kinachobaki katika sahani ya mtu aliyekwisha kula, kilichoguswa na vidole vyake, tunakiita makombo. Naomba mzingatie tofauti hiyo, kwa maana mazungumzo yetu ya leo yote yanaizunguka. Kiporo ni chakula kilichohifadhiwa. Mama amekipakua kando, amekifunika kwa kawa, amekiweka mahali pa juu ambapo paka hafiki. Makombo ni mabaki ya mtu mwingine. Kiporo mtu hula akiwa mtu wa nyumbani. Makombo, mara nyingi, hupewa yule ambaye hatumhesabu kuwa wa nyumbani.

Basi tuingie jikoni. Hebu tutazame nyumba ya kawaida, iwe ya Ng'ambo au Cheyo hapa mjini Tabora, au ya kijijini huko Sikonge na Urambo. Jua linatua. Mama anatazama alicho nacho. Kuna ugali wa mchana, kama nusu bonge, umekwisha kuwa mgumu. Kuna maharage vijiko vichache, hayamtoshi hata mtu mmoja. Kuna nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa wakati wa mavuno, imebaki gao moja katika mfuko. Kuna karanga. Pengine kuna matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani, ambavyo Wanyamwezi na Wasukuma wamejihifadhia tangu zamani ili kuvuka miezi ya njaa. Ukikitazama kila kimoja peke yake, utasema nyumba hii haina chakula. Mama asiye na busara atatuma mtoto dukani akakope. Mwenye busara anainjika chungu.

Anaiosha nsansa, anaichemsha mpaka ilainike, kisha anatwanga karanga na kuzimimina humo, anakoroga polepole ili zisiungue chini. Yale maharage yasiyomtosha mtu mmoja anayaponda kidogo na kuyatia chungu hicho hicho pamoja na kitunguu na chumvi; sasa yanawatosha watu sita, kwa sababu hayasimami tena peke yake. Ugali mgumu anaukata vipande bapa na kuviweka juu ya makaa mpaka vifanye ganda jekundu pande zote mbili. Matobolwa anayachemsha mpaka yalainike, na utamu wake unakuwa kama wa kitu kilichotiwa asali, ingawa asali ya Tabora haikuhitajika. Kama kuna wali uliolala, anaunyunyizia maji, anaufunika na kuupalia makaa juu ya kifuniko. Kwa saa moja hivi, bila kununua kitu isipokuwa labda kitunguu, chakula kiko tayari. Nimekila chakula cha namna hii katika safari nyingi za vigangoni, nami nashuhudia kwamba ni chakula, tena kizuri. Wale wanaosema kwamba maskini hawajui kupika hawajawahi kuonja nsansa ya karanga.

Nitasema kwa kifupi juu ya tahadhari, maana nisingependa mtu augue kwa sababu ya homilia. Kutunza chakula si kula kilichooza. Waisraeli jangwani walipoweka mana mpaka asubuhi bila kuagizwa, iliingia mabuu ikanuka, kama tusomavyo katika sura ya 16 ya kitabu cha Kutoka. Kiporo chemsha mpaka kitokote sawasawa, usikipashe juu juu tu. Wali hasa usiukalishe kutwa nzima katika joto ukategemea moto utarekebisha. Na karanga au mahindi yaliyoota ukungu, ndugu zangu, yatupwe bila huruma. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walipoteza maisha kwa sumukuvu iliyokuwa katika nafaka. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa. Basi hapo hakuna ubahili unaoitwa utakatifu.

Turudi kwenye chungu chetu. Chakula kimeiva, nacho kimetokana na masazo. Swali ninalotaka kuwaulizeni si jinsi kilivyopikwa. Akina mama wanajua zaidi yangu. Swali ni hili: nani anakila?

Sisi wakazi wa Tabora tunaishi juu ya njia ya kale. Kabla ya reli ya kati kufika hapa mwaka 1912, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita na kupumzika katika nchi hii ya Unyanyembe. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia ile. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na posho yake ilikuwa kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kile kile kibaba kinachotajwa katika methali ya haba na haba. Walipika na kula kwa makundi madogo, kila kundi na chungu chake. Walipotaka kuvuka Mgunda Mkali, ile nyika ya ukame kati ya Ugogo na Unyanyembe, iliwalazimu kubeba chakula cha siku kadhaa na kukigawa kwa makini, maana aliyekula cha kesho leo alijihatarisha yeye na wenzake. Hiyo ilikuwa shule kali ya kutopoteza kitu. Husimuliwa pia kwamba miembe mingi inayoipamba Tabora ilitokana na kokwa zilizotupwa na wasafiri wa misafara hiyo kando ya njia. Kama ni hivyo, basi tunapumzika katika kivuli cha mabaki ya chakula cha watu wengine.

Lakini katika njia ile ile walipita watu waliofungwa minyororo. Hao hawakuwa na kibaba chao. Walilishwa kwa uchache, kwa kadiri ya kuwawezesha kutembea tu. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walipoweka kituo Kipalapala katika miaka ya 1880, miongoni mwa watu wa kwanza waliowapokea walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Sheria ilifuta minyororo, lakini si rahisi kwa sheria kufuta desturi ya jikoni. Katika nchi ambayo kwa muda mrefu cheo cha mtu kilijulikana kwa kile anachokula na zamu anayokula, alama zake hubaki hata pale ambapo wenye nyumba ni wabatizwa wazuri na picha ya Moyo Mtakatifu imetundikwa ukutani.

Niliwahi kualikwa chakula katika nyumba moja, nami sitasema ni ya wapi. Tulikula vizuri: kuku, wali, mchicha. Tulipomaliza, binti wa kazi, ambaye kwa makadirio yangu hakuwa na zaidi ya miaka 13, alikuja kuondoa vyombo. Mama mwenye nyumba akachukua sahani yangu, ambayo ilikuwa na mfupa na wali kidogo niliouacha pembeni, akaunganisha na iliyobaki katika sahani za watoto, akamkabidhi. Akamwambia, "Haya mwanangu, nawe ukale." Alisema kwa upole kabisa. Alimwita mwanangu. Hakuwa mkatili, wala hakuona kwamba kuna jambo lililotendeka. Ndani ya sufuria kule jikoni kulikuwa na wali ambao haukuguswa na mtu, nao uliwekwa uwe kiporo cha watoto wa nyumba kesho asubuhi. Hapo mnaona ile tofauti niliyowaomba muizingatie. Watoto wa nyumba, kiporo. Mtoto wa mwenzetu, makombo. Nayaacha mambo ya sheria, ingawa Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kila Mkristo anayemtumikisha mtoto wa namna hiyo anapaswa kulijua.

Wala si watumishi peke yao. Fanyeni uchunguzi katika nyumba zenu wenyewe. Yuko mtoto wa marehemu dada, aliyechukuliwa baada ya mazishi kwa machozi na ahadi nyingi. Yuko bibi kizee asiye na meno, ambaye hupelekewa chakula baada ya wote. Na yuko mama mwenyewe, mpishi, ambaye hupakulia wote na kisha kukwangua sufuria. Akina baba, msidhani hana njaa. Mmezoea kumsikia akisema, "Mimi nimeshiba kwa harufu ya moshi," mkacheka na kuendelea kula. Na pale anapowawekea mezani ugali wa kuchoma na maharage ya jana, baadhi yenu hukunja uso: "Mama Kulwa, kiporo tena? Mimi ni mtoto?" Naye hunyamaza, huenda kukaanga mayai mawili yaliyokuwa yamewekwa ya kuuza ili kununua daftari, na kile kiporo hukila yeye na yule mtoto wa marehemu dada. Hivyo ndivyo nyumba moja huwa na meza mbili bila mtu yeyote kuamua kwamba ziwe mbili.

Sasa tazameni tena Injili. Makapu yalikuwa mangapi? Kumi na mawili. Na mitume walikuwa wangapi? Nadhani mmeniona ninakokwenda. Hesabu hii ina maana nyingi. Walimu wa Kanisa wameihusisha na makabila kumi na mawili ya Israeli, na ni sawa. Lakini msomaji wa kawaida naye haoni vigumu kuwapiga picha wale kumi na wawili wakirudi kwa Bwana jioni ile, kila mmoja na kapu lake mkononi. Walikuwa wamehudumu wakati wengine wakila. Ndio wakubwa wa baadaye wa Kanisa. Na sehemu iliyofika mikononi mwao ilikuwa masazo. Neno la Kigiriki alilolitumia Yohane lilikuwa la kapu la kawaida ambalo Myahudi alichukulia riziki yake njiani, si la kapu kubwa la kuwekea mazao. Basi naona si kosa kufikiri kwamba makapu hayo yalikuwa posho ya safari ya mitume. Kwa Bwana, masazo hayashuki kwenda kwa mnyonge. Yanapanda kwenda kwa mkubwa. Baba wa familia anayetaka kuwa kichwa cha nyumba kwa mfano huo na aseme jioni ya leo, "Kiporo nileteeni mimi, na kilichopikwa sasa wapeni watoto wote." Akisema watoto wote, awahesabu.

Katika Agano la Kale kuna mwanamke ninayempenda sana katika jambo hili, naye ni Ruthu Mmoabu, mgeni na mjane. Boazi alimkaribisha ale pamoja na wavunaji wake. Hakumwambia asubiri wamalize. Alimpa bisi za nafaka kwa mkono wake mwenyewe, Ruthu akala, akashiba, akasaza. Na jioni, pamoja na shayiri aliyoiokota, alimpelekea mkwewe Naomi kile alichokuwa amekisaza. Someni sura ya 2 ya kitabu chake mwone jinsi jambo hilo lilivyoandikwa kwa uangalifu. Mwandishi angeweza kuliruka. Ruthu hakumpelekea Naomi makombo. Alimtengea sehemu kutoka katika shibe yake, sehemu aliyoiweka kando akimkumbuka kikongwe aliyekuwa nyumbani. Na kutoka katika nyumba hiyo ya wajane wawili walioshirikiana masazo alizaliwa Obedi, babu yake Daudi.

Ndivyo Kanisa nalo lilivyofanya tangu mwanzo. Mtakatifu Yustino shahidi, aliyeandika katikati ya karne ya pili, anaeleza kwamba baada ya adhimisho la Dominika mashemasi walipeleka Ekaristi kwa wale ambao hawakuweza kuwapo. Mpaka leo, hostia zinazobaki baada ya komunyo huwekwa katika tabernakulo, na sababu ya kwanza ya kuziweka ni wagonjwa na walio katika hatari ya kufa. Ninyi makatekista mnaotumwa kupeleka komunyo kwa wagonjwa mnajua hali ya nyumba mnazoingia. Mnamkuta mzee amelala juu ya mkeka, hajaonana na padre kwa miezi. Mnampa nini? Mnampa kilichobaki baada ya umati kushiba. Je, ni pungufu? La hasha! Ni Bwana yule yule, mzima. Na yule padre mnayemwona akipangusa patena na kukusanya chembe kwa kidole baada ya komunyo, akitia maji katika kalisi na kuyanywa, anafanya kwa mkono wake kazi waliyoifanya mitume pale majanini. Wanaosema kwamba Misa inachelewa kwa sababu ya kupangusa vyombo wangengoja kidogo.

Mtu mmoja aweza kunipinga akisema, "Padre, upotevu wa chakula ni jambo la nchi tajiri, sisi tunatupa nini?" Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionesha kwamba katika mwaka 2022 ulimwengu ulitupa tani zipatazo bilioni 1.05 za chakula, karibu moja ya tano ya chakula kilichowafikia walaji, na kwamba sehemu kubwa, asilimia 60, ilitoka majumbani. Tena ripoti hiyo haikuona kwamba ni majumba ya matajiri pekee. Hayati Papa Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 5 Juni 2013, alikifananisha chakula kinachotupwa na kitu kilichoibwa katika meza ya maskini. Nasi hatuhitaji kwenda mbali. Baada ya masoko ya tumbaku, fedha zikiingia, harusi na komunyo ya kwanza hufuatana. Nimeona masufuria ya pilau yakimwagwa shimoni asubuhi baada ya sherehe, kwa sababu kamati iliona aibu kuwapelekea majirani kitu kilicholala. Jirani huyo huyo, ifikapo Januari na Februari, huja kukopa debe la mahindi. Kamati ile iliona aibu mahali pasipo na aibu. Wakati wa usiku, sherehe ikiendelea, pilau ikiwa bado ina moto, ndipo ingepasa kupakuliwa, kufunikwa vizuri na kupelekwa kwa wagonjwa na wazee wasioweza kuja. Hiyo isingekuwa makombo. Ingekuwa sehemu yao.

Nina ombi moja kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Mtakapokutana juma hili, someni sehemu hii ya Yohane polepole, kisha msikimbilie kuuliza jinsi muujiza ulivyotendeka. Kila familia ijibu, kwa siri moyoni mwake kama inaona vigumu kusema, nani jana alikula wa kwanza, nani alikula wa mwisho, na huyo wa mwisho alikula nini. Kamati za sherehe nazo zichague tangu siku ya kwanza ya vikao mtu wa kuhudumia kapu la wasiokuwapo, kama wanavyomchagua mtu wa vinywaji. Makatekista watanijulisha wanapokuja kwenye semina yao.

Dominika ijayo, Mungu akipenda, tutaendelea na sura hiyo hiyo ya 6, umati unapomtafuta Bwana ng'ambo ya ziwa, pamoja na somo la mana kutoka kitabu cha Kutoka. Wenye Biblia wasome mapema. Kwa akina mama wanaoinjika chungu sasa hivi, Mungu awabariki.

Tumsifu Yesu Kristo!